Njia ya matembezi inayotuliza: mwongozo wa kuibuni ndani ya bustani ya umma, kuanzia hati ya ardhi hadi fyekeo

Bustani nyingi za mijini kwetu tayari zina njia. Kinachokosekana ni sababu ya mtu mwenye mawazo mengi kuingia, akatembea nusu saa, na asigeuke nyuma kila anaposikia hatua. Njia ya siha ni hiyo: njia fupi iliyopangwa makusudi ili mtu atoke akiwa ametulia kuliko alivyoingia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi watembee polepole msituni kwa ajili ya afya. Miaka miwili baadaye mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba vilivyotazama miti walirudi nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali.

Lakini mti peke yake hautulizi. Msitu wa Karura, Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000. Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 wakazi wengi wa jiji walikuwa hawathubutu kuuingia, maana ulijulikana kwa uporaji na maiti zilizotupwa. Leo humohumo watu wanatembea na watoto wa mkononi. Miti ilikuwepo siku zote. Kilichoongezeka ni uzio, walinzi, njia zenye alama na watu wengine njiani, baada ya kikundi cha wananchi kiitwacho Friends of Karura kuanza kufanya kazi bega kwa bega na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kwa hiyo mwongozo huu unaegemea upande mmoja bila kuficha: kazi ya kwanza ya mbunifu ni kuondoa hofu, matope, kupotea na kubanwa na haja bila choo. Mapambo yatafuata, na mengine hayatahitajika kabisa.

Hatua ya 1: Jua ardhi ni ya nani, kisha upate karatasi

Usinunue hata kigingi kabla ya hili. Nairobi ina historia chungu ya viwanja vya umma. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimama Uhuru Park. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa Karura walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokwisha kugawiwa watu binafsi. City Park, yenye hekta zipatazo 60 sasa, ilimegwa pembeni kwa miaka mingi kabla ya kutangazwa turathi ya taifa mwaka 2009. Njia ukiichora juu ya kipande chenye hati ya mtu mwingine, asubuhi moja utaikuta imezibwa kwa mabati.

Nchini Kenya, ikiwa mahali ni msitu wa serikali, mlango wako ni KFS. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, wakazi hujiunga katika chama cha misitu cha jamii kinachoweza kuingia mkataba wa kushiriki usimamizi. Ikiwa ni bustani ya kaunti, nenda idara ya mazingira ya kaunti. Tanzania utaanzia halmashauri, au TFS, wakala wa misitu, kama eneo ni hifadhi ya msitu. Ukiwa karibu na mto, uliza mapema mamlaka ya mazingira, NEMA kwa Kenya au NEMC kwa Tanzania, kama kazi yako inadai tathmini ya athari kwa mazingira, usingoje wakukute na sululu mkononi.

Barua unayoomba isiwe ya "hatuna pingamizi" tu. Ijibu maswali manne: nani anaondoa mti ukianguka njiani, nani anamlipa mlinzi, nani anawajibika mtu akivunjika mguu, na makubaliano yanadumu miaka mingapi. Miradi mingi hufa kwa swali la pili.

Hatua ya 2: Tembea kabla ya kuchora

Chukua simu yenye programu ya kurekodi njia, daftari na utepe wa rangi. Pita eneo zima alfajiri, adhuhuri na saa kumi na moja jioni, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Pita tena siku moja baada ya mvua kubwa, maana siku hiyo ardhi inakuonyesha yenyewe maji yanakosimama na yanakokimbilia. Hakuna mchoro wa ofisini utakaokupa habari hizo.

Angalia njia za mkato ambazo watu wamezitengeneza kwa miguu. Usizidharau. Aliyekata kona pale alikuwa na sababu: kuna stendi ya matatu upande wa pili, au kuna bomba la maji, au njia rasmi inapita mahali panaponuka. Njia yako ikibishana na miguu ya watu, miguu itashinda.

Halafu fanya matembezi ambayo wabunifu wengi huyaruka. Waombe wanawake wanne au watano wa rika tofauti wapite nawe, wao mbele, wewe nyuma kabisa, bila maelezo yoyote. Tazama mikono yao. Mahali mtu anapouvuta mkoba kifuani, anaponyamaza katikati ya sentensi, anapoongeza mwendo, funga utepe. Mwisho wa safari rudini pamoja kwenye kila utepe muulizane kuna nini. Mara nyingi jibu ni dogo na linatengenezeka: kichaka kilichokaribia mno, kona isiyoonyesha upande wa pili, ukuta uliobomoka ambao vijana hukaa nyuma yake. Hizo tepe ndizo ramani yako ya kweli.

Zungumza pia na waliokutangulia humo. Arboretum ya Nairobi ilianzishwa 1907 kwa majaribio ya miti ya kigeni, lakini asubuhi ya Jumamosi utakutana na mengi yasiyo ya miti: mwanafunzi na vitabu vyake, kwaya inayorekodi video, wachumba, na waumini wanaosali kwa sauti ya juu kila mmoja chini ya mti wake. Kwa mgeni anayetafuta ukimya, sala hizo ni kelele. Kwa anayesali, pale ndipo anapopata nafuu yake, tena alianza kupatumia kabla wewe hujafikiria neno siha. Usimfukuze. Mtengee uwanda wake mbali na vituo vya kimya, wenye kivuli kizuri kuliko pale alipo sasa, na atahamia kwa hiari. Baraza moja chini ya mti pamoja na wazee wa mtaa, wachuuzi wa langoni na vijana wa mazoezi litakuokolea ugomvi wa miaka.

Hatua ya 3: Amua ni ya nani, na urefu utajitokeza

Njia inayotaka kumridhisha mkimbiaji, mwendesha baiskeli, mzee wa fimbo na mtoto kwa pamoja haimridhishi yeyote. Chagua mtu wako. Pendekezo langu ni kumchagua mzee mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa na daktari atembee, na mtu wa kiti cha magurudumu. Njia inayowafaa hao wawili inawafaa karibu wote, isipokuwa baiskeli, nazo zipewe njia yake.

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mzee anayekwenda mwendo wake hufanya kama kilomita tatu kwa saa. Mzunguko wa kilomita moja na nusu humchukua nusu saa, na akija siku tano amefika 150. Tena, utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019 na kuhusisha watu wapatao 20,000 ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujieleza kuwa na afya njema na kuridhika na maisha. Wengine waligawa muda huo katika ziara kadhaa, wengine waliumaliza siku moja, na haikuleta tofauti. Mizunguko minne inatosha. Kilomita moja na nusu basi, na ndani yake njia mbili za kutokea mapema kwa aliyechoka.

Hatua ya 4: Chora njia, ukianza na maji

Njia iwe mzunguko unaoanzia na kuishia langoni. Njia ya kwenda na kurudi palepale humfanya mtu ahesabu umbali uliobaki, na anayehesabu hajatulia. Ipinde taratibu ili kila baada ya muda kitu kipya kijitokeze, lakini pinda isiwe kali hadi kuficha anayekuja. Macho yafike mita ishirini au thelathini mbele.

Adui wa njia ni maji yanayokimbia juu yake. Kanuni wanayoifuata wajenzi wa njia duniani ni hii: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita. Kilima chenye asilimia 20, njia isizidi 10. Ukivuka hapo, maji hayavuki njia tena, yanaifuata, na baada ya masika mawili umejenga mtaro. Njia inayopita kwenye tambarare kabisa nayo ina shida yake, maji hayana pa kwenda. Ubavu mpole wa kilima ndio mahali pazuri kuliko pote.

Kupima mwinuko hakuhitaji mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita mbili na pimamaji ya fundi. Laza ubao kufuata njia, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu. Inua ncha ya chini mpaka tone la hewa likae katikati, kisha pima kwa rula nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 10 ni asilimia 5. Sentimita 16 ni asilimia 8. Sentimita 20 ni asilimia 10. Simu pia ina programu za kupima, ila ubao hauishiwi chaji na kibarua yeyote anaweza kukuhakikishia kipimo mwenyewe. Kwa masafa marefu tumia mpira wa maji ule ule wa mafundi wa nyumba: mpira mwangavu uliojaa maji, watu wawili, kila mmoja na ncha yake. Maji hulingana pande zote mbili.

Hadi asilimia 5, mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kujisukuma mwenyewe. Kufikia asilimia 8 iwe vipande vifupi tu, kila kimoja kikiishia kwenye tambarare ya kupumulia. Asilimia 10 ni kikomo kwa sehemu ambazo kiti hakitapita. Zaidi ya hapo izungushe njia, usipande kichwakichwa.

Kwa upande, njia iinamie bondeni kidogo ili maji yavuke. Kwa njia ya upana wa mita 1.5 asilimia 2 ni sentimita 3 tu, na hiyo ndiyo salama kwa magurudumu. Kwenye vipande vya miguu pekee unaweza kufikia asilimia 5, yaani sentimita 7 na nusu. Kila mita 20 hadi 40, kutegemea udongo, tengeneza kibonde kipana na kirefu ambacho mtembezi hata hakihisi, lakini maji yakifika yanatoka nje. Upana wa mita 1.5 unatosha kiti kugeuka. Pale watu wanapopishana sana, fanya mita 1.8.

Sasa miti. Mizizi inayoulisha mti imo karibu na uso wa ardhi, na huenea mbali. Kipimo kinachotumika na wataalamu wa miti: zidisha kipenyo cha shina mara 12, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya eneo la kulinda. Shina la sentimita 50, usichimbe ndani ya mita 6. Ukilazimika kupita hapo, pita juu: weka tabaka jembamba linalopitisha maji, au daraja la mbao. Kukata mizizi ya mugumo, yule mtini mkubwa wa porini, wa miaka mingi ili kunyoosha njia ni ujinga ambao mti utaulipa polepole, huku wewe umekwisha kupokea pongezi za uzinduzi.

Pale penye kinamasi usijaze kifusi. Kule Jozani, Unguja, wageni hupita juu ya mikoko kwa njia ya mbao, na kisiwani Wasini, pwani ya Kenya, kikundi cha wanawake kinaendesha ya kwao. Mambo matatu ya kuzingatia katika njia ya mbao: nafasi kati ya mbao isizidi sentimita moja ili ncha ya mkongojo isizame, pembeni kuwe na ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke, na juu pigilia wavu wa kuku. Mbao mbichi zenye kuvu huteleza kuliko tope lenyewe, na wavu ni rahisi kuliko kesi.

Hatua ya 5: Ishi na chokaa kwanza

Njia ikishachorwa, isimike kwa vigingi, uipake chokaa, ufyeke majani tu, kisha uiache watu waipite. Msimu mmoja wa mvua ungekuwa bora. Wafadhili hawaupendi msimu huu kwa sababu hakuna cha kupiga picha. Utaona watu wanakokata kona, ni wapi kigingi kimeng'olewa, ni wapi maji yameosha chokaa. Kuhamisha kigingi ni kazi ya dakika moja, ilhali kuhamisha njia iliyoshindiliwa ni kuomba bajeti upya.

Hatua ya 6: Tabaka la kutembelea

Moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara za vumbi, iliyoshindiliwa ndiyo chaguo langu. Chimba kidogo, mwaga moramu ya sentimita 10 hivi, inyunyizie maji, shindilia kwa mashine au rola ya mkono, na uiache ikauke kabla ya kufungua. Kokoto zisizoshikana ziache, maana gurudumu na mkongojo huzama humo. Kabro, yale matofali ya kutandika chini, zinapendwa sana na wakandarasi, na kila mtu anajua kwa nini. Zina nafasi yake langoni na kwenye vipande vinavyosombwa, lakini ndani ya miti zinapata joto, zinainuliwa na mizizi, na hatua zinapiga kelele.

Udongo mwekundu wa upande wa magharibi wa Nairobi ni rafiki. Udongo mweusi wa upande wa mashariki, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, utaimeza moramu yako. Hapo uondoe, au utandike kitambaa cha ujenzi na mawe chini kwanza.

Hatua ya 7: Vituo na viti

Vituo vitano hadi saba vinatosha kwa kilomita moja na nusu, na kila kimoja kiwe na jambo moja tu la kufanya. Kando ya maporomoko madogo, kusikiliza. Chini ya mti wenye gome la kusisimua kidole, kugusa. Penye uwazi, kutazama mbali, kwa sababu macho yanayoshinda kwenye skrini yana njaa ya umbali. Kwa kunusa, panda kitalu cha mchaichai, kivumbasi na mkarafuu au mwarobaini kulingana na hali ya hewa yako, mtu afikichue jani kidoleni. Kituo cha kupumua kinahitaji kiti na maagizo ya mistari miwili. Mwalimu hahitajiki.

Siku hizi kuna mtindo wa kuiga kutoka Ulaya wa kipande cha kutembea pekupeku juu ya mawe, magome na mchanga. Kwa watu waliotembea kilomita kwenda shule bila viatu, hii ni burudani ya ajabu kidogo. Ukiipenda, iweke karibu na bomba la maji, ifagiwe kila siku, na ukague siafu, funza na vipande vya chupa. Kama huna wa kufagia, iache.

Viti ndivyo vitakavyoamua kama wazee watarudi. Sehemu ya kukalia iwe sentimita 45 kutoka chini. Kiti kikiwa kifupi zaidi, mzee hainuki bila msaada. Kiwe na mgongo, na kiwe na mikono ya kujiinulia. Acha nafasi ya sentimita 90 pembeni yake iliyosawazishwa, ili wa kiti cha magurudumu akae na mwenzake bega kwa bega badala ya kuegeshwa mbele ya watu kama mgeni wa heshima. Katika robo ya kwanza ya njia weka kiti kila mita 100. Karibu na lango weka viwili vitatu vinavyotazama miti, kwa wale ambao siku hiyo hawana nguvu ya kutembea. Wagonjwa wa Ulrich, kumbuka, walinufaika wakiwa kitandani.

Na ukigeuze kiti vizuri. Mtu hatulii akiwa amekipa mgongo kichaka au njia. Mgongoni pake pawe na shina nene au ukingo wa ardhi, na mbele aone njia pande zote mbili. Jaribu mwenyewe viti viwili, kimoja hivi na kingine vile, na usikilize mabega yako.

Viti vya chuma vitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumia saruji, mawe, au gogo zito lililochongwa na kuwekwa dawa ya mchwa. Kabla ya kuweka kiti chini ya mti, tazama juu. Mikaratusi huangusha matawi bila kuaga, hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo kivuli chake si cha kukalia.

Hatua ya 8: Vibao

Maneno yasizidi 40. Kiswahili kwanza, kisha jina la mti kwa lugha ya mahali hapo na la kisayansi. Kosa la kawaida ni kibao cha aina hii: "Mti huu una umuhimu mkubwa kiikolojia, kiuchumi na kitamaduni. Tuutunze kwa faida ya vizazi vijavyo." Hakuna aliyewahi kusimama kwa maneno hayo. Linganisha:

"Mti huu ulianza juu. Ndege aliacha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, mizizi ikashuka hadi chini, ikaufunga ule mti wa kwanza. Inama uangalie kama bado unauona. Kisha kaa hapa mpaka usikie ndege wa aina tatu."

Hicho kinampa mtu kazi ya macho na masikio, na simu inasahaulika mfukoni. Mti wa kibao hicho ni mugumo, na karibu nacho ni vyema kueleza kwa heshima kwamba ni mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Pwani ungetaja kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Waulize wazee wa mahali nini kiandikwe na nini kisiandikwe.

Jambo moja naomba lizingatiwe sana. Usiandike kibaoni kwamba gome la mti fulani linatibu ugonjwa fulani. Muthiga na muiri, ule ambao wanasayansi huuita Prunus africana na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, huchunwa magome kwa ajili ya dawa. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti unakufa. Kibao chako cha nia njema kitakuwa tangazo la machinjio. Waonyeshe watu harufu ya jani lililoanguka, habari za dawa ziache kwa wataalamu wake.

Kwenye kila makutano weka nguzo fupi ya saruji yenye namba kubwa, na namba hizo ziwe kwenye ramani ya langoni pamoja na simu ya walinzi. Aliyepotea au aliyeanguka hana haja ya kueleza "karibu na mti mkubwa". Anasema "niko kumi na mbili". Karura makutano yana namba, na ukitembea pale utaona jinsi mgeni anavyolegea akijua yuko wapi.

Hatua ya 9: Usalama usiotisha

Rudi kwenye zile tepe. Fyeka vichaka mita mbili kila upande wa njia pale penye hofu, si njia nzima, maana ndege na wadudu wanaishi humo. Pogoa matawi ya chini hadi urefu wa mita 2.2 hivi. Anza na vichaka vya lantana na cestrum, mimea vamizi ambayo hakuna atakayeililia, na ing'oe na mizizi.

Taa sipendekezi. Zinawaharibia usiku popo na wadudu, waya zake huibwa, na zinamwambia mtu kwamba ni salama saa ambayo mlinzi hayupo. Funga lango saa kumi na mbili jioni, tangaza hivyo, na ufunge kweli.

Walinzi wawe na sare, wawemo wanawake, na kazi yao iwe kutembea na kusalimu. Salamu moja ya mlinzi katikati ya njia inafanya zaidi ya mabango kumi ya "Eneo hili linalindwa".

Kuhusu wanyama: kima wa City Park wamezoea kulishwa, na kima aliyezoea kulishwa hunyang'anya. Mapipa yawe na vifuniko vya kufunga, wachuuzi wa karanga na ndizi wabaki nje ya lango, na vituo vya kula viwe mbali na vituo vya utulivu. Mzinga wa nyuki ukionekana karibu na njia, muite mfugaji nyuki auhamishe. Moshi na petroli ni mwiko.

Choo kiwe langoni, kiwe wazi muda wote wa bustani, kiwe na maji na mlango mpana. Nakiweka mwisho wa hatua hii, lakini ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, jenga choo, njia ya chokaa itasubiri.

Hatua ya 10: Matunzo na kuhesabu

Ajiri mtunzaji kabla ya uzinduzi. Mtu mmoja wa kudumu mwenye jembe, fyekeo, beleshi na toroli ana thamani kuliko kikosi kinachokuja mara moja kwa mwaka na fulana. Kalenda yake inafuata mvua. Februari azibue vibonde vya maji na kukagua matawi makavu kabla ya masika. Juni ajaze moramu pale palipochimbika. Septemba arudie kuzibua kabla ya vuli. Kila wiki apite njia nzima na daftari, aandike kilichovunjika na namba ya nguzo iliyo karibu.

Tenga fedha za miaka mitatu ya mshahara wake ndani ya ombi la kwanza kwa mfadhili. Asiyetaka kulipia fyekeo asipewe utepe wa kukata. Kama bustani inatoza kiingilio, dai kimaandishi sehemu yake irudi kwenye njia.

Kisha hesabu, lakini usihesabu vichwa vyote kwa jumla. Jumla itakudanganya siku ya sikukuu. Chagua muda wa saa nzima, asubuhi ya siku ya kazi, kila mwezi, ukae kwenye kituo cha mbali kabisa na lango, uandike wanaofika hapo: wanawake walio peke yao, wazee, watu wa viti vya magurudumu, walioketi zaidi ya dakika tano. Ukiona wanawake wa peke yao wanaishia kituo cha pili, chukua tena utepe, waombe wapite nawe, na utazame mikono.